Bata Mzinga wa Idd

Mikono ya mama ilikuwa na makovu yanayong'aa, kuanzia ncha za vidole mpaka juu ya vifundo. Mtu akimuuliza, alijibu kuwa ni mafuta ya sambusa. Si mafuta. Ni ami yangu, kaka mkubwa wa baba, na mimi nilikuwepo.

Mama alivuka bahari kuja Ibra, mji wa kina baba katika nchi ya Waarabu, na furushi la magazeti ya mapishi ya Kiingereza, yaliyokuwa yakija Unguja kwa meli alipokuwa msichana wa shule. Siku ya mapinduzi, watu wenye mapanga walipovunja mlango wao kule Unguja, walimpasua babu kichwa mbele ya watoto, wakachukua cherehani, saa ya ukutani na vitanda. Magazeti waliyapiga teke wakayaacha, wakidhani takataka. Hayo ndiyo yaliyobaki ya nyumba ile nzima.

Alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mwezi wa Krismasi. Nililijua kabla sijajua kusoma: meza ndefu, bata mzinga wa kuoka mwenye rangi ya shaba, viazi, kabichi ndogondogo zenye ukubwa wa golori, na pudini nyeusi ya zabibu inayowaka moto wa buluu. Krismasi haikutuhusu, lakini ile meza tuliitazama mpaka mate yakatutoka.

Idd el-Haj moja, katikati ya miaka ya sabini, baba alipata bata mzinga hai kutoka Sur, akamchinja mwenyewe kwa bismillahi. Mama akamjaza mkate mkavu, vitunguu, tende na pilipili manga, akamfunga ndani ya kikapu cha makuti, kama wenzetu walivyofunga nyama zao za mbuzi. Pale Ibra kila nyumba ilipeleka kikapu chake kwenye shimo moja la makaa la mtaa. Likafunikwa udongo, likafukuliwa baadaye nyama imeiva hadi mfupani. Kila kikapu kilikuwa na alama. Mama alifunga kitambaa chekundu. Mke wa ami, kumbe, naye kafunga chekundu.

Basi kikapu chetu kikaenda kwa ami, aliyekuwa na wageni watukufu. Walimla yule bata wakamaliza. Ami alilamba vidole, akasema tangu azaliwe hajala nyama laini vile, akamuuliza mkewe ni ndege gani huyu. Maskini, mkewe alishaonyeshwa lile gazeti. Akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Ni ndege wa sikukuu ya Manasara. Nimeona picha yake kwa mke wa ndugu yako."

Mgeni mmoja akacheka. Nina hakika ami asingemsifu yule bata, asingekasirika vile.

Aliingia uani kwetu na bakora. Aliwahi kuishi Unguja ujanani, na Kiswahili alichorudi nacho kilikuwa cha kuamrisha tu. "Umewalisha wageni wangu karamu ya makafiri. Lete hayo makaratasi."

"Shemegi, ni bata tu," mama alisema. "Kachinjwa na ndugu yako."

Bakora ya kwanza ilimpata shingoni, ya pili mdomoni. Baba alisimama palepale, mikono ubavuni, kwa sababu yule ni kaka yake na ndiye aliyetupa nyumba ya kukaa. Sijamsamehe baba mpaka leo. Mimi nilimrukia ami nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake. Akanibamiza ukutani, jino likatoka. Akaingia ndani, akayabeba magazeti, akayatupa yote kwenye tanuri la mkate, makaa bado mekundu. Mama akaingiza mikono yote miwili. Hakupiga kelele. Alitoa majivu, akaingiza tena, mpaka baba alipomkamata kiunoni akamvuta.

Tulihamia Nizwa, baba akafungua karakana Firq, pembezoni mwa mji, na Ibra hatukwenda tena kwa Idd. Miaka ya themanini ami aliugua tumbo, wakamleta kwetu awe karibu na hospitali. Mama alimlisha uji wa mchele kwa mikono ileile. Nilikuwa nikitamani autilie sumu.

Adhuhuri moja ami akasema, taratibu, "Natamani yule ndege."

Mama alijua kila ukurasa kwa moyo. Nilizoea kumsikia akikanda unga na kunong'ona: moto kiasi gani, chumvi kiasi gani. Alimfuta ami mdomo.

"Sijui tena, shemegi. Mapishi yake uliyaunguza."

Ami alimtazama, akingoja acheke. Mama akainua kijiko.

"Fungua mdomo."

Ami alikufa kabla ya Idd. Siku tuliyoanua matanga, mama aliniita jikoni, akaniambia nikatafute bata mzinga.