Neno Lililomtisha Mjomba

Nilipofika mwaka wa pili wa shule ya wauguzi pale Kindu, nilikuwa karibu kuacha masomo nikauze mchele na mama katika soko la Kasuku. Masomo yalikuwa kwa Kifaransa, na Kifaransa cha magonjwa kilinishinda. Hépatomégalie. Gastralgie. Maneno hayo niliyakariri mazimamazima, kama nilivyokariri sura za Kurani chuoni utotoni, na asubuhi yamekwisha kupotea.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Pangi, mwenye sauti ya chini. Tulimwita Citoyenne, yaani raia, kama ilivyotupasa kuitana wote miaka ile ya Zaire. Siku moja aliniona nalia juu ya jaribio nililoanguka.

“Unameza neno zima, njo maana linakukaba,” aliniambia. “Wafaransa wenyewe waliyaazima maneno haya kwa Wagiriki, yameungwa vipande vipande. Wewe kata.”

Akachukua chaki. “Hépato, njo ini. Mégalie, kukua kupita kawaida. Sasa mugonjwa iko na nini?”

“Ini lake limekuwa kubwa.”

“Nani alikuambia?”

“Hakuna. Nimesoma mwenyewe.”

Akacheka, nami nikacheka na machozi yangu. Tangu siku hiyo nilirudi nyumbani nikikata maneno njia nzima.

Mwaka huohuo mama alianguka sokoni. Kumbe alikuwa akitokwa damu kwa miezi na kutuficha. Hospitalini daktari akakuta uvimbe katika tumbo la uzazi. Baba alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo aliyeitwa kuelezwa ni mjomba, kaka mkubwa wa mama. Daktari alimtajia upasuaji kwa jina lake la Kifaransa, kisha akakimbilia mgonjwa mwingine.

Mjomba alirudi nyumbani amejaa hasira. “Wanasema dada yangu iko na wazimu! Na huo wazimu wanataka kuupasua na kisu. Kesho tunamutoa pale.”

“Mjomba, samahani,” nikasema. “Daktari alitaja neno gani?”

“Hystérie. Hystéric... hystérectomie.”

Nikaokota kipande cha makaa jikoni, nikaliandika ukutani, nikalikata mbele yake.

“Hystér, njo tumbo la uzazi. Ec, inje. Tomie, kukata. Wanataka kukata tumbo la uzazi na kulitoa, sababu njo linamwaga damu. Hakuna wazimu hapa.”

“Na ile hystérie, ile wazimu ya wanawake?”

“Wagiriki wa zamani walifikiri mwanamuke akipagawa, shida inatoka kwa tumbo la uzazi. Walikosea, lakini jina lilibaki.”

Mjomba aliutazama ukuta. “Basi hao wazee walitukana mama zetu wote,” akasema. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: “Atapona?”

“Sijui, mjomba. Neno halisemi hivyo. Lakini akibaki vile, damu itamwisha.”

Tukaenda pamoja hospitalini. Mama alikuwa amelala, midomo imepauka. Nilimweleza vilevile, kipande kwa kipande, nikiogopa kwamba atalia. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Limenizalia ninyi wote,” akasema. “Limefanya kazi. Walitoe.”

Ilihitajika damu ya ndugu, na mjomba ndiye aliyekunja mkono wa shati kwanza. Upasuaji ulikwenda vizuri. Mama alipofumbua macho aliomba chai, na mjomba akatoka uani ili tusimwone uso.

Alipopata nguvu, mama alivaa kikwembe chake kizuri na kunifuata hadi shuleni. Nilimwonyesha Citoyenne, aliyekuwa akifuta ubao. Mama akamshika mikono yote miwili, iliyojaa vumbi la chaki.

“Mama, mutoto alinielezea ugonjwa wangu na nikaelewa,” alimwambia. “Sikuingia kwa kisu kama mbuzi. Niliingia kama muntu. Mungu akulipe.”

Citoyenne aliinamisha kichwa, akaibana mikono ya mama.

Mama aliishi miaka mingi baadaye, akawabeba wanangu mgongoni. Mimi nilipelekwa kufanya kazi Lubutu, na huko mgonjwa akipewa jina refu la ugonjwa, mimi huvuta kiti karibu na kitanda chake, tukalikata pamoja. Wengine huuliza nilisomea wapi. Mimi huwaambia: Kindu, kwa mwanamke mmoja wa Pangi, na ninamshukuru hadi leo.