Hodi ya Koko Mnarani

Utotoni mwangu huko Tensta, kitongoji cha Stockholm nchini Uswidi, tulijua kwamba mtu aliyekufa akilinda mlango hapati usingizi. Koko, ndivyo tulivyomwita bibi, ndiye aliyetufundisha. Walinzi kama hao hupelekeana salamu, alisema, hata kama kuna maji makubwa kati yao. Ila usipowapigia hodi hawakusikii.

Nilidhani ni hadithi za kututuliza tu. Lakini mwanawe wa kwanza, Safari, aliuawa akilinda bandari ya mji wetu kando ya ziwa, huko Kongo, na Koko hakupata hata kaburi la kulilia. Alitaka salamu yake imfikie, basi.

Darasa letu lilipopelekwa kuona mnara wa ngome katika mji mdogo wa bandari nje ya Stockholm, mama alikuwa kazini, kwa hiyo Koko akaja kutusindikiza. Mnara ulikuwa umetoka kukarabatiwa, kwa kumbukumbu ya wanaume waliokufa vitani wakiutetea mji. Nilimweleza hayo kwenye basi. Akafunga kilemba chake upya.

Mlangoni akavua viatu, akapiga hodi. Akapiga tena. Wenzangu wakaanza kucheka chinichini. Dada aliyekuwa akitutembeza akaniuliza kwa upole bibi anataka nini. Uso ulinichoma kwa aibu. Nikamjibu kwa Kiswidi kwamba anauliza choo kiko wapi.

Yule dada akatabasamu, akamshika Koko mkono, akamwonyesha mlango mwishoni mwa ukumbi. Walikuwa wameukarabati mnara vizuri mno, hata choo kilikuwa na mlango wa mbao nene na misumari ya chuma. Koko hakujua kusoma. Akapiga magoti mbele ya mlango huo.

"Hodi, wababa," alisema. "Mumuambie Safari, mama yake iko muzima. Asiningojee tena mu njia."

Ndani mtu akavuta maji. Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao.

Wakati wa kurudi Koko alinishukuru kwa kumsemea. "Umesikia maji?" aliniuliza. "Ni ya ziwa ya kwetu. Amepokea."

Tangu siku hiyo hakuamka tena usiku kumwita Safari. Alikufa na amani ile, na aliyempa ni mimi, kwa uongo.

Siku hizi wanangu huniuliza, kwa Kiswidi, Koko alikuwa mtu wa namna gani. Nawasimulia mpaka pale mnarani alipopiga hodi. Nikifika hapo naona haya, nawaambia alikaribishwa.