Werema na Kisu cha Mkwewe

Mbele ya kibanda chake pale Sindo, kando ya ziwa, Werema alitundika kibao: DAKTARI WA VISU VYA KALE VYA UFARANSA. Visu vya aina hiyo, vya kufyatuka vyenyewe ukibonyeza kitufe, ufuoni kote vilikuwa vitatu, na viwili vilikuwa vyake. Daktari hakujali. Alikuwa ametazama video za mafundi wa huko kwenye simu mpaka akaanza kuvaa miwani puani kama wao, na macho yake hayakuwa na ubovu wowote.

Akina mama wanaopasua samaki walipomletea visu butu, aliwatazama kwa huruma.

"Fundi, si uninolee tu hii, samaki inaoza," Risper alimwambia siku moja.

"Mama, kisu hiki hakina historia."

"Na samaki yangu iko na historia?"

Wateja wakacheka. Werema akaimeza dhihaka hiyo, maana moyoni alikuwa na donda kubwa kuliko hilo. Tangu amwoe Irine, baba mkwe wake, mzee Walter, hakuwahi kumwita *ora*, jina ambalo Mjaluo humwita mkwe wake. Alimwita "wewe wa Ntimaru", akimtajia kwao Ukuria, kama mtu anayefukuza mbuzi wa jirani. Bonface, aliyemwoa dada yake Irine, mtu wa kulewa na kulala mtaroni, aliitwa *ora* kila siku! Jambo hilo lilimchoma Werema vibaya sana.

Kisu cha tatu kilikuwa cha mzee. Alikuwa ameachiwa na Mfaransa mmoja mchimba visima ambaye mzee alimfanyia kazi ujanani. Hatimaye, baada ya kubembelezwa sana, alikitoa mfukoni.

"Springi ilikatika. Weka springi. Springi tu."

Werema alisikia neno la kwanza, mengine akayaacha yapite. Nyumbani alikishika kisu akasikitika: mpini wote ulikuwa umezungushiwa uzi wa nyavu, mweusi kwa mafuta ya samaki. Aliukata kwa wembe, akautupa jikoni kwenye moto. Akachonga pembe ya ng'ombe, akaipachika kwa misumari midogo ya shaba ya mtindo uleule wa zamani, akaweka springi mpya na kitufe kinachong'aa. Alijipongeza kwa sauti, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa tayari kufanya hivyo.

Irine alipoleta chai, alikitazama kisu, akauliza, "Baba Motari, ile uzi iko wapi?"

"Uchafu ule? Nimechoma."

"Si ungeniuliza kwanza?"

"Mambo ya ufundi niachie mimi."

Irine akaweka kikombe chini, akatoka.

Jumapili, baada ya misa, Werema alifika kwa wakwe amekifunga kisu kwa kitambaa chekundu. Bonface alikuwepo, ameshika soda mkononi. Werema akabonyeza kitufe. Twa! Bonface akaruka, soda ikamwagikia suruali yake, wazee wakapiga makofi. Werema alitabasamu mpaka masikio yakasogea.

Mzee Walter akakipokea. Alikigeuzageuza, kidole gumba kikipapasa mpini kama kinatafuta kitu.

"Na uzi?"

"Nimekirudisha vile kilitoka kiwandani, mzee. Ile uzi haikuwa original."

"Mama Irine ndiye alifunga," mzee akasema taratibu. "Kisu ilikuwa inateleza, nikajikata. Akakaa pale mlangoni akafunga na mikono yake."

Kila mtu akatazama chini. Kaburi la mama Irine, mke wa mzee, lilikuwa hapohapo, upande wa pili wa ua. Werema akavua ile miwani, akaanza kuifuta kwa kitambaa chekundu.

Mzee akakifunga kisu, akakiweka mezani badala ya mfukoni. Kisha akatoa pochi.

"Kazi ni safi," akasema. "Nikulipe ngapi, fundi?"