Siku za Maji ya Malolo

Mpima aliyetoka Nachingwea alihesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Kiangazi cha 1953 aliingia kwenye lambo la Malolo, suruali imekunjwa, akivusha kamba kila hatua ishirini na kupima kina kwa ufito. Maji yatatosha siku arobaini, akasema. Mvua ilikuwa mbali siku sabini. Akavusha kamba kila hatua kumi, akagusa mashimo aliyokuwa ameyaruka, akapata siku arobaini na nane. Kila hatua tano, hamsini.

“Zisogeze kamba tena, bwana mpima,” akamsihi Mwamini, mwanakijiji aliyesimama ukingoni na ndoo yake. “Kila ukizisogeza, siku zinaongezeka.”

Akazisogeza. Ikaongezeka nusu siku. Akaufuta ufito kwa kiganja, polepole, mpaka ukakauka.

“Nyongeza yenyewe inapungua, mama. Hata nikizibananisha, hamsini na moja hatufiki.”

Mwamini akachota nusu ndoo, akaenda kuwaambia wenzake wafungashe mizigo, wahame.