Dhahabu ya Bukavu na mlango wa mbele wa ofisi ya serikali

Wakuu, salamu kwenu. Nimesoma humu mkisema serikali haijawahi kumfanyia mchimbaji mdogo jambo la maana. Nawapa niliyoyaona mwenyewe enzi za Zaïre, sitii chumvi.

Nilifika Bukavu kijana, kutoka Kalemie. Meli hadi Uvira, halafu lori la mchele lililozama kwenye tope Luberizi tukashusha magunia yote. Nilikuwa na diploma ya sekondari na miguu isiyotulia.

Nikapata kazi mtaa wa Nguba, kwenye ofisi mpya ya serikali ya kununua dhahabu. Nilikuwa planton, mtu wa kufungua mlango.

Shida ni kwamba hakuna aliyeingia. Serikali ilikuwa imeruhusu raia kuchimba, lakini wachimbaji walizoea kukimbizwa na askari, wakaona ni mtego. Na Kinshasa walishasema: dhahabu isipokuja, ofisi inafungwa.

Mchana mmoja nikasikia hodi nyuma ya ofisi, mlango wa jikoni. Papa Ntaboba, mchimbaji wa Walungu, amefunga dhahabu yake ndani ya kitambaa. Wenzake wanachungulia migombani.

Chefu wetu, yaani mkuu wa ofisi, citoyen Zihalirwa (enzi hizo kila mtu aliitwa citoyen, si bwana), akakataa hata kuigusa.

"Papa, zunguka mbele. Dhahabu iko halali sasa, haiwezi kupita jikoni sawa kuku ya kuiba."

"Mbele kuko askari. Mara ya mwisho nilipita mbele yao na dhahabu, nililala prison."

"Basi leo tutalala wote wawili."

Akamshika mkono, wakazunguka. Nikakimbia kufungua. Askari alimtazama mzee, akatazama kitambaa, kisha akasogea ili mzee apite.

Wenzake wakatoka migombani mmoja mmoja.

Ntaboba alipolipwa alitoka nje, akageuka, akaingia tena.

"Umesahau nini, papa?"

"Hakuna. Nilitaka kuona kama iko kweli."

Ofisi haikufungwa. Hadi leo najivunia ule mlango.

Miaka ikapita, miguu ikaanza kuwasha. Siku niliyoondoka moja kwa moja sikutaka kuagana na watu, nikapitisha sanduku langu jikoni. Ntaboba, aliyezoea kuniita petit, yaani mdogo, akaniona kutoka kwenye foleni ya wachimbaji, siku hizo ilifika hadi kona ya nyuma.

"Petit, uliiba nini? Zunguka mbele."

Nikazunguka. Foleni nzima ikanipa mkono.

Kwangu mimi, wakuu, kazi ya serikali kwenye madini inaanzia hapo, kumfungulia mchimbaji mlango wa mbele. Mashine zije baadaye. Mwenye kisa chake cha machimboni aingie aseme, hata kama ni ya kunipinga.