Lundo la Vumbi la Darasa la Pili

Kwa miaka kumi na moja usafi wa shule ile ulikuwa mikononi mwa mama mmoja mnene, mwepesi wa ulimi, ambaye watoto walimbandika jina la Mama Doa kwa kuwa, walisema, angeweza kuona doa hata kwenye maji. Madarasa tisa, mgongo mmoja. Ndipo akabuni mashindano: kila Ijumaa watoto wafagie wenyewe, na darasa litakalorundika vumbi jingi mlangoni lipewe peremende.

Watoto si wajinga. Vumbi la sakafuni lilipowaishia, walishika rula wakakwangua kuta, ambazo rangi yake ya njano ilikuwa imebabuka siku nyingi. Bingwa wa kukwangua alikuwa mjukuu wake mwenyewe, wakati huo wa darasa la pili, aliyerudi nyumbani na unga wa njano mpaka kwenye kope. Bibi alicheka, akamfuta kwa upindo wa kanga.

Mwaka juzi walikuja watafiti wa afya. Walichukua vipande vya rangi na matone ya damu vidoleni, na Mama Doa ndiye aliyewapakata wadogo waliolia. Aliwaahidi wazazi kwamba majibu yatakuja. Wazazi waliuliza mpaka wakachoka, naye akawa anawajibu, "Vuteni subira, wataalamu hawana haraka."

Jumanne moja, akipangusa kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, aliangusha bahasha iliyokwisha kufunguliwa. Aliiokota, akasoma barua ya watafiti polepole, neno kwa neno. Rangi ile ilikuwa na madini ya risasi, na damu ya watoto pia. Yakiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo, akawa mzito wa kujifunza, na hakuna kiasi kilicho salama. Kuta zisikwanguliwe kabisa. Sakafu isifagiliwe kavu, ipigwe deki kwa tambara bichi. Barua ilikuwa na umri wa miezi kumi na minne.

Tambara na maji! Si mashine, si dawa ya kuagizwa ng'ambo. Na muda wote huo mwalimu mkuu yuleyule aliwapigisha magoti watoto waliosahau hesabu, akiwaita vichwa maji.

Mwalimu mkuu alipoingia alimkuta ameketi kwenye kiti chake.

"Mama, hizo ni karatasi za ofisi."

"Damu ni ya mjukuu wangu, mwalimu. Ofisi imeitoa wapi?"

"Nilikuwa nangoja fungu la rangi mpya. Ningewaambia wazazi mapema, wangehamisha watoto. Shule ingekufa."

"Kwa hiyo bora wafe watoto? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe umeficha maradhi ya watoto wa wenzio!"

"Angalia kibarua chako, mama."

"Kiangalie wewe. Mimi naenda kutafuta ndoo."

Siku hiyohiyo alipiga deki madarasa yote tisa, akachoma moto rula zenye njano huku watoto wakimlilia. Jioni alipita nyumba kwa nyumba na ile barua, na Ijumaa wazazi walijaa ukumbini mpaka madirishani.

Mwalimu mkuu alisimama na tai yake. Alisema ni bahati mbaya, alisema hakuna aliyejua, alisema tusitafute mchawi.

Baba mmoja akanyanyuka nyuma. "Mwanangu anasema walikuwa wakikwangua kuta ili washinde peremende. Nani aliyeanzisha uchafu huo?"

Mjukuu wake alikuwa amemwegemea Mama Doa pajani. Bibi alinyoosha mkono.

"Mimi. Sikujua, lakini ni mimi. Nisameheni, ndugu zangu." Kisha akageukia meza kuu, mkono bado uko juu. "Sasa na aliyejua miezi kumi na minne, naye anyooshe wake."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama mwalimu mkuu. Alikuwa akipanga karatasi zake, akizipanga upya, mikono yote miwili mezani.