Mama Mlangoni: Protokole ya Kanisa na ya Kipindupindu

Kwa miaka mingi mama yangu alikuwa protokole katika kanisa letu la Songo. Kwetu neno hilo ni mtu: yule anayesimama mlangoni na kukupeleka mahali panapokustahili. Viongozi na wageni mbele, wenye watoto wachanga karibu na mlango, wengine katikati. Mama hakukosea.

Mimi nilikuwa muuguzi katika kituo cha afya huko Nyamianda. Pale protokole ilikuwa karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa ukutani, ikieleza hatua za kumtibu mgonjwa wa kipindupindu.

Vita vilipofika uwanda wa Ruzizi, watu wa kijiji cha Kiringye walikimbilia mjini kwetu, na wagonjwa wakatuzidi. Wauguzi wawili walikuwa wamevuka kwenda Burundi na familia zao. Nikamwomba mama asimamie mlango.

"Hiyo kazi minye naijua," akasema.

Asubuhi ya kwanza, nilipotoka kuchukua maji, benchi la mbele lilikuwa limekaliwa na mwalimu mkuu, mke wa shemasi na mchuuzi mmoja wa samaki wadogo wa ndagala. Nyuma kabisa, sakafuni, mkulima mmoja wa kike kutoka Kiringye alikuwa ameegemea ukuta. Macho yalikuwa yameingia ndani. Nilimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama: mwili ulikuwa umekauka maji.

"Mama, huyu amefika lini?"

"Alifika wa kwanza. Alisema Kirundi, nikafikiri anaomba fasi ya kukaa tu. Nikamupa."

Tulitafuta mshipa wa kutia serumu, yale maji ya dripu, hatukuupata. Alikufa kabla ya adhuhuri. Mume wake alifika, akaomba shuka la kumfunika, nikampa.

Mama hakulia mbele yangu. Kesho yake aliniomba nimsomee ile karatasi. Sikuwa na muda, nikamweleza kwa ufupi: tazama macho, finya ngozi, uliza kama anaweza kunywa. Aliyekauka zaidi ndiye wa kwanza. Aliyarudia maneno hayo mara mbili, kwa sauti ya chini.

Siku ya nne afisa mmoja aliingia na walinzi, akasema anataka serumu mara moja. Mama akamwomba mkono, akaifinya ngozi, akaitazama ikirudi.

"Ngozi yako iko muzuri, baba. Weye kaa pale, kunywa maji ya chumvi na sukari polepole."

Nilikuwa nimeshika ndoo, na niliogopa. Afisa aliutazama mkono wake, kisha akakaa.

Juma lililofuata redio ilitangaza kwamba wakubwa wa vita wametia saini protokole ya amani. Mgonjwa mmoja alimuuliza mama maana yake.

"Ile yao sijaiona," akajibu. "Labda wamepatana nani akae wapi."

Mume wa yule marehemu wa Kiringye alikuwa bado nasi, akituchotea maji. Aliposikia habari hiyo alifunga mzigo wake, akaenda kwao kupalilia mihogo yake. Siku chache baadaye alirudi kwa miguu, amebeba jembe lisilo na mpini. Alisema kule bado wanapigana, akauliza ndoo iko wapi.